Wanataka 150,000 niwe memba wa kikundi cha yoga Mikocheni, nilipe au nibaki na mkeka wangu sebuleni?

Mama Leja (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho ndo mnitukane.

Mi ni mhasibu, ofisi yetu inatoa mizigo bandarini, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja nikibahatika, siku nzima kitako kwenye kiti. Mwaka juzi mgongo ukaanza, nikasema uchovu huu, nikachuliwa mafuta ya nazi na mdogo wangu, wapi, ukashuka mpaka kwenye kalio la kushoto ukaingia pajani, nikawa nikitoka Tabata kwa daladala nikishuka mjini nachechemea kama mzazi wa juzi. Nimepiga picha, daktari akasema diski moja ya chini imetokeza kidogo, siyo ya kupasuliwa, ufanye mazoezi ya kunyoosha na upunguze kukaa. Vidonge vya maumivu nimevila mpaka tumbo likagoma.

Sasa kuna dada tunafanya kazi jengo moja akanivuta kwenye darasa la yoga huko Mikocheni, juu kabisa ya ghorofa, hakuna ukuta ni upepo na mapazia tu. Siku ya kwanza bure. Nilijua nitakuta Wazungu watupu na nguo za kubana, na kweli wapo, ila kuna wamama wa Kihindi watu wazima, Waswahili kama sita hivi, mwalimu ni kijana wa hapahapa anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Kilichonimaliza kuna pozi ya kuchuchumaa mpaka chini nyayo zote zimelala, jamani wale Wazungu wanawekewa matofali chini ya makalio wanatetemeka jasho linatiririka, mi nikachuchumaa zangu kama nasuuza vyombo uani kwa bibi, mwalimu akasema wote mwangalieni dada. Yaani kumbe miaka yote napepeta mchele nilikua nafanya yoga bila kujua! Nikavimba kichwa. Dakika mbili mbele ikaja ya kusimama mguu mmoja kama mti nikaangukia mkeka wa jirani.

Mwisho mnalala chali kimya dakika kama kumi, wanaiita pozi ya maiti, ndo jina lake sijatunga, nikapitiwa na usingizi mpaka nikakoroma, jirani yuleyule niliyemuangukia akanigusa bega taratibu. Nashuka ngazi nagundua sichechemei. Kesho yake maumivu yalirudi, sitaki niwauzie chai, lakini ile jioni moja nililala mpaka asubuhi.

Bei zao ziko hivi, ukija mara moja moja 20,000. Kadi ya madarasa 10 ni 150,000 unatakiwa uyamalize ndani ya miezi mitatu. Mwezi mzima uje utakavyo 160,000. Mwaka 1,200,000. Dada wa mapokezi ananisukuma kwenye ya mwaka, anasema "huku hununui darasa, unajiunga na jamii", kuna grupu la WhatsApp, Jumapili moja moja wanaenda kufanyia ufukweni, wanakunywa chai pamoja. Sasa mi najiuliza, jamii gani ya kulipia? Na YouTube ipo bure. Nipeni mawazo walioingia humo.

Kichwa Ngumu

Nimeona neno mkeka nimekuja mbio nikajua ni mkeka wa kubeti, kuna odds za leo, kumbe mikeka ya kulalia kweli.

150,000 ukalale kama maiti? Si usubiri, ile ya kweli haina kiingilio.

Mzee wa Supu

Dada pole na mgongo. Mi niko jogging klabu yetu ya mtaani Temeke, kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakimbia na nyimbo, fulana mtu anajinunulia mwenyewe, mchango ni buku mbili kwa wiki, tukimaliza tunakunywa supu, mtu akifiwa tunaenda na fulana zetu, akiumwa tunachanga. Hiyo ndo jamii. Ya huko Mikocheni mwambie huyo dada wa mapokezi siku ukifiwa ataleta nini, kadi?

Binti Chumbageni

Mama Leja usiwasikilize, jogging na diski iliyotokeza wapi na wapi.

Mimi nilikua memba mwaka na nusu hapa Dar kabla sijahamia Tanga. Kitu cha kuangalia kabla ya hela ni ile fomu. Wanakupa fomu ndefu unajaza magonjwa, ujauzito, presha, sawa hiyo lazima. Ila katikati wameweka kasentensi kadogo kwamba unakubali picha zako zitumike mitandaoni. Mi navaa hijabu, nafanya na suruali pana na kanzu fupi, siku moja nafungua Instagram najikuta mimi huyo nimeinama makalio juu, na maneno "karibuni wote". Mume wangu kaletewa na rafiki yake. Nyumba haikukalika wiki nzima. Kata hiyo sentensi kwa kalamu weka sahihi pembeni, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, picha yako ni yako. Walivyoona nimekata hawakubisha, wakasema wengi huwa hawasomi.

Na uulize kama kuna darasa la wanawake peke yao. Kwangu walianzisha baada ya kuwa saba, ikawa ndo darasa linalojaa kuliko yote.

Mtumishi66

Binti yangu hiyo ni ibada ya watu, kila pozi ni kusujudia mungu wao. Unapona mgongo unapoteza roho. Kunyoosha viungo kanyooshe kwa jina lingine.

Ndugu wa Kariakoo

Mtumishi66 shikamoo mzee, ila tuweke mambo sawa. Asili yake India na ndani ya dini zao ipo kweli, hakuna anayekataa, tena wenyewe wanasema pozi ni sehemu moja kati ya nane za njia yao. Na siyo wewe peke yako uliyeshtuka, Malaysia baraza lao la fatwa 2008 lilikataza Waislamu yoga ile yenye kuimba na ibada ndani yake. Lakini Saudia, Saudia yenyewe kwenye Makka na Madina, 2017 ilitambua yoga kama mchezo watu wakaruhusiwa kufungua madarasa kwa leseni. Sasa mtu akitaka mgongo na pumzi tu anaenda, zile za kuimba "om" ananyamaza. Mi huwa nasoma kimyakimya Yasin yangu wenzangu wakiimba, hakuna aliyenitoa nje.

Mama Leja

Ndugu wa Kariakoo umenichekesha. Kwetu wanaimba mara moja tu mwanzoni, mi nilikua nahangaika na soksi hata sikusikia.

Binti Chumbageni asante, fomu ninayo kwenye pochi, nimeitafuta hiyo sentensi na ipo kweli, ukurasa wa pili chini. Mashetani hawa.

Nimelizwa Mara Moja

Nije na uchungu wangu. Miaka minne nyuma nililipa ya mwaka, sehemu moja siitaji ina yoga na jimu pamoja, nililipa keshi laki tisa na nusu kwa sababu waliniambia ofa inaisha usiku ule. Mwezi wa nne nafika nakuta mlango una kufuli na karatasi imeandikwa "tunakarabati, tutawajulisha". Grupuni mtu anauliza, kimya. Wiki ya pili admini kajitoa. Wiki ya tatu tumebaki wanachama 61 tunaangaliana. Mmoja wetu mwanasheria akauliza nani ana risiti, hakuna hata mmoja, watu wazima wenye digrii zetu. Tulikua na vikaratasi vya kitabu cha dukani vimeandikwa "yoga mwaka" na sahihi isiyosomeka.

Yaani dada wewe mhasibu usinifanye nikueleze. Ukilipa kwa lipa namba lile jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na jina la biashara, likitokea jina la mtu binafsi simama. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wakisema mashine mbovu, mwambie ukipona wewe mashine nayo itakua imepona utakuja kulipa.

Kichwa Ngumu

Hiyo ya mashine kupona nimeiba.

Ila Mama Leja, mhasibu mzima unatuuliza sisi badala ya kupiga hesabu? Weka namba hapa.

Mama Leja

Haya bwana. Mi nikijitahidi naweza Jumamosi asubuhi na siku moja ya katikati, jumla nane kwa mwezi, ila mwisho wa mwezi tunafunga vitabu sitoki ofisini, na foleni ya Mandela mnaijua, mpaka niivuke Ubungo nifike Mwenge nichukue bajaji darasa limeshaisha. Kwa hiyo niseme sita.

Ya mwezi 160,000 kugawa kwa sita ni kama 26,700, yaani nimelipa zaidi ya mtu anayekuja mlangoni na elfu ishirini yake! Ya mwaka nikienda sita kila mwezi bila kukosa ni mara 72, kila moja inakua kama 16,700. Kadi ni 15,000. Ya mwaka inaanza kunilipa nikivuka mara 80, na hapo hujatoa Ramadhani, mvua za masika Jangwani ikifurika, watoto kuumwa. Duh. Kumbe ile ofa ya mwaka ni ya yule anayekaa jirani anashuka na ndala.

Fundi Mgongo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naongea kama mdau siyo daktari wako. Yoga kwa mgongo wa muda mrefu siyo uganga, 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kiliiweka kwenye mwongozo wao kati ya vitu vya kuanza navyo kabla ya dawa. Lakini mwongozo unaongelea mgongo wa kawaida, wewe una diski inayopeleka maumivu mguuni, kuna pozi hazikufai sasa hivi, hasa zile za kuinama mbele miguu imenyooka ukivuta vidole kwa nguvu. Usivute. Kunja magoti. Ukisikia umeme unashuka mguuni toka kwenye pozi hata kama mwalimu anahesabu. Na ukiona ganzi sehemu za siri au mkojo unakataa, hapo hakuna yoga, hospitali usiku huohuo.

Kitu kingine watu hawakijui, mwalimu akikwambia ana cheti cha saa 200, hizo saa 200 ni mafunzo ya kufundisha yoga, hazimfanyi mganga wa diski. Mzuri utamjua, kabla darasa halijaanza anapita mkeka hadi mkeka anauliza nani anaumwa wapi. Mbaya anakuja kukukandamiza mgongo na mikono yake ushuke zaidi. Mimi wagonjwa niliowapata kutoka madarasani wote ni wa kukandamizwa.

Presha isiyotulia na presha ya macho, za kichwa chini miguu juu achaneni nazo.

Wa Ngara

Sasa wasee wa Dar. Huku Nairobi kuna hawa watu wa Africa Yoga Project, walianza 2007, walichukua vijana wa mitaa ya mabanda wakawafunza kuwa walimu, na Jumamosi kulikua na klasi ya bure kabisa ukumbi wa Sarakasi hapa Ngara, unakuta mama mboga, mwanafunzi, mtu wa ubalozi, wote wamejipanga mkeka kwa mkeka jasho la huyu linadondokea huyu. Mi niliingia hapo bila hata shilingi. Baadaye nikaanza kulipa kwingine na niwaambie ukweli, kwa ile ya bure nilikua naenda nikijiskia, ya kulipa naenda hata kama kunanyesha, juu pesa yangu inaniuma. Sijui kama hiyo ni afya ama ni ubahili.

Na tarehe 21 Juni ni siku ya yoga ya dunia, Umoja wa Mataifa waliipitisha Desemba 2014, ubalozi wa India huwa wanaandaa bure, hata nyinyi huko Dar mnayo. Nenda uchungulie walimu wote siku moja bila kulipa mtu.

Mbeba Boksi Köln

Huku Ujerumani ukisajiliwa kwenye kozi ya yoga iliyokaguliwa, bima yako ya afya inakurudishia sehemu kubwa ya ada, ila lazima uhudhurie mara nyingi, mwalimu anakusainia. Nilivyosikia mara ya kwanza nikajua natapeliwa. Zamani ukisahau kujitoa mkataba wa jimu unajirefusha mwaka mzima wenyewe, tangu Machi 2022 sheria ikabadilika kwa mikataba mipya, ikishajirefusha unatoa notisi ya mwezi mmoja unaondoka. Kwa hiyo muulize huyo dada wa mapokezi maswali mawili tu, nikisafiri kadi inasimama? na nikitaka kutoka natokaje? Akianza kucheka cheka, umeshajibiwa.

Mtoto wa Geti

Naweka kambi hapa, mrejesho tafadhali.

Mama Leja

Mrejesho wa kwanza. Nimenunua kadi ya 10. Lipa namba ikatokea jina la biashara, risiti ya EFD nimedai ikatoka (alitoa na sura). Sentensi ya picha nimeikata na biki nyekundu ya ofisini. Nikauliza la kusimamisha kadi, akasema "tunaangalia hali kwa hali", nikajua ndo kucheka cheka kwenyewe ila mgongo ulikua unauma nikalipa.

Mwalimu nimemwambia habari ya diski, ananipa tofali na mkanda, mkanda wenyewe wanauza 35,000, nimekunja kanga yangu kwa urefu inafanya kazi ileile, sasa hivi wamama wawili wa Kihindi nao wanakuja na kanga. Mguu ganzi imepungua, daladalani nakaa mpaka mjini. Bado asubuhi nikiamka najiinua kwa kushika kabati.

Kichwa Ngumu

Mmeanza kuuza kanga Mikocheni, Mama Leja fungua biashara.

Mama Leja

Wakuu nilipotea. Mama mkwe alifariki, tulikua msibani hapahapa Tabata, alafu tukasafirisha Kilosa. Mshukuru Mungu kwa kila jambo.

Nimerudi ndo natoa mrejesho wa mwisho maana naona mnaulizana. Nilikua nimetumia madarasa saba. Matatu yamebaki na muda ukaisha nikiwa Kilosa. Nikaandika mapokezini kwa adabu, nimefiwa, naomba wiki tatu zisogezwe. Jibu likaja siku ya pili, "pole sana dear, sera yetu hairuhusu". 45,000 yangu imezikwa pamoja na mama mkwe. Sikubishana, nilikosa hata nguvu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Grupuni sikuandika kitu, ni yule dada wa jengoni aliwaambia. Siku ya pili ya msiba nimekaa ndani na wafiwa naitwa nje, nakuta watu watano wa yoga wamesimama getini wanashangaa waingie wapi, mwalimu yumo, na yule mama wa Kihindi niliyemuangukia siku ya kwanza, kajifunga kanga juu ya salwar yake, ile suruali pana ya Kihindi, kaifunga vibaya lakini kajifunga. Wameleta mchele na bahasha, wamechangishana wenyewe, mapokezi hawamo. Wanaume wakaenda turubaini, mama akavua viatu akaingia kwenye mikeka na sisi. Akakaa. Jamani mnajua msibani mtu ananyoosha mguu, anaegemea ukuta, anabadilisha kalio. Yule mama kakunja miguu mgongo umenyooka kama mwanamwali, kuanzia saa nne mpaka wali unapakuliwa saa nane hajasogea, hajui wimbo hata mmoja, kafumba macho tu. Mashangazi wa Kilosa wakaanza kunong'ona, shangazi mkubwa ana miaka sabini na kitu akanivuta sikio, "huyu mganga?"

Mzee wa Supu

Pole sana dada kwa msiba. Nimefuta kauli yangu ya kule juu kuhusu kadi. Nusu yake. Ya mapokezi naibakisha.

Fundi Mgongo

Pole. Mgongo vipi baada ya safari ya Kilosa na kulala chini?

Mama Leja

Asanteni wote. Mgongo ulinikamata siku ya tatu nikawa najilaza chumbani kama maiti dakika kumi kumi, ukaachia.

Mzee wa Supu nimenunua tena ya 10, najua mtanicheka. Safari hii mwalimu kanipa namba yake, kaniambia zile tatu nije tu Jumamosi saa moja yeye ndo anafungua mlango. Ya mwaka hata wanipe na kuku sichukui.

Na yule shangazi, nilivyomueleza siyo mganga, ni mazoezi, tunachuchumaa, tunapumua, tunalala, akauliza shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema kwa hela hiyo yeye atachuchumaa uani.

Kichwa Ngumu

Shangazi apewe uenyekiti wa hiyo jamii.